Aliyemzaa Bwana Msa

Ukitaka kuzusha ubishi katika Kidato cha Tatu, uliza tu ni mpelelezi yupi wa vitabuni aliye bora. Kuna wanaomshikilia Sherlock Holmes, yule Mwingereza ambaye Arthur Conan Doyle alianza kuchapisha habari zake mwaka wa 1887. Wavulana wengi watakuambia ni Willy Gamba wa A. E. Musiba, kwa ajili ya bastola na vishindo vyake. Mimi wangu ni mmoja tu, Bwana Msa wa Unguja, yule bwana wa kiko. Yeye huangalia, huuliza, kisha hukaa akafikiri. Lakini leo sikuja kumsifu Bwana Msa. Nimekuja kumweleza aliyemzaa, maana wengi wetu mtoto tunamjua na baba hatumjui.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Siku hizo Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, lakini aliyeshika usukani hasa alikuwa Mwingereza. Alimaliza masomo mwaka wa 1938. Msidhani alianza na kalamu, la! Aliajiriwa katika Idara ya Afya akawa mkaguzi, na kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka kama kumi.

Hebu tutue hapa kidogo. Mkaguzi wa afya ni mtu wa namna gani? Watu wakiugua kwa wingi mtaani, mmoja atasema ni husuda na mwingine atasema ni jini. Mkaguzi yeye huenda kuchungulia kisimani, chooni na kwenye madimbwi yenye mbu. Anataka kukiona chanzo kwa macho yake mwenyewe. Mimi naamini Bwana Msa alianza kuumbika katika miaka hiyo, kabla hata mwenyewe hajajua kwamba atakuja kuwa mtunzi.

Mwaka wa 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Jamani, hiyo haikuwa kazi ya mchezo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Chama cha Waarabu na Afrika Kwetu lilikuwa la Chama cha Waafrika, na siasa za Visiwani zilikuwa zimeanza kuchemka. Mtu aliyekaa katika meza zote mbili hakukosa kujua kwamba kila jambo lina pande mbili, na kwamba maneno ya mtu mmoja hayatoshi. Mwaka wa 1958 alikabidhiwa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa hapo, naye akaendelea mpaka alipostaafu mwaka wa 1968.

Wakati huohuo alikuwa akitunga. East African Literature Bureau ilifanya mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili mwaka wa 1957 hadi 1958, na zawadi ya kwanza akainyakua yeye kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilichapishwa mwaka wa 1960. Humo mna mauaji ya kutisha, na maiti imekutwa mzimuni, mahali ambapo watu huogopa hata kupita. Wengine waliona mambo ya mizimu, lakini Bwana Msa na rafiki yake Najum walimtafuta binadamu. Aliyeua simtaji, nendeni mkasome. Watu husema Bwana Msa amefanana na Sherlock Holmes, na ni kweli, kiko ni kilekile na Najum ni kama Daktari Watson. Lakini tazameni jina: M, S, A. Si ndizo herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla?

Baada ya hapo vilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Njia aliyoifungua wengine waliipita, kama Faraji Katalambulla aliyetoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965.

Sasa mtaniuliza, hadithi za Unguja ya zamani zatuhusu nini sisi? Zatuhusu sana. Shule yetu ni ya kutwa, kila jioni tunarudi makwetu, na yanayosemwa vijijini tunayasikia. Hapa kwetu Kilifi mtoto akifa ghafla au biashara ikianguka, ati anatafutwa mzee mwenye mvi. Wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine wameyahama makwao wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, ili wapate kulala salama. Babu yangu mwenyewe hupaka nywele piko. Kabla sijajua sababu nilidhani anapenda ujana.

Na ukichunguza, mara nyingi unakuta nyuma ya uchawi huo pana shamba. Hapo ndipo ninapomkumbuka Bwana Msa. Yeye asingeuliza ni nani mwenye macho mekundu. Angeuliza hati ya shamba iko wapi, ni nani atakayerithi mzee akiondoka, na maneno haya ya uchawi yalianzia kinywani mwa nani. Ni maswali madogo, lakini yangeulizwa mapema pengine mzee fulani angekuwa hai leo.

Tena kiangalieni kile kitabu cha 1984. Jina lake tu latuambia kwamba hata Bwana Msa hukosea. Ikiwa mpelelezi mwenye akili zile aweza kukosea, sembuse kundi la vijana wenye mapanga usiku wa manane?

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka wa 1991, na sisi sote tunaosoma jarida hili katika darasa langu tulikuwa hatujazaliwa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanachama wenzangu, vitabu vyake si vya kujibia mtihani tu. Siku mtakaposikia kijijini kwenu mzee anatajwa vibaya, msiitikie tu kwa sababu wakubwa wameitikia. Ulizeni kwa adabu ni nani aliyeona, na aliona nini.