Askofu Aliyecheka Akiburutwa

Kuna watu hudhani ukiokoka lazima ukunje uso. Wengine wetu nao furaha yetu hungoja bonasi ya majani chai: ikiwa nzuri tunaruka, ikipungua tunakuja ibadani tumenuna. Leo nataka tumwangalie Askofu James Hannington, maana maisha yake yanatupima sisi sote.

Alizaliwa mwaka 1847 huko Hurstpierpoint, Uingereza. Alikuwa mtoto mtundu sana. Alichezea baruti mpaka akapoteza kidole gumba. Akiwa na miaka 15 aliingizwa katika biashara ya baba yake mjini Brighton. Mimi nilisomea biashara, lakini yeye moyo wake haukuwa huko. Baada ya miaka sita akaacha, akaenda kusoma Oxford.

Huko alipendwa kwa mizaha yake. Lakini sikizeni vizuri: kuchekesha watu si sawa na kuwa na furaha. Mwaka 1874 alifanywa shemasi, na bado hakuwa na uhakika kwamba dhambi zake zimesamehewa. Rafiki yake akampa kitabu kuhusu wokovu. Siku moja akikisoma kitandani, akaelewa kwamba Yesu alimfia yeye. Jamani, aliruka kutoka kitandani akarukaruka chumbani akimsifu Mungu!

Yesu hakumnyang'anya ucheshi wake, aliupa mzizi. Alikuja Afrika mwaka 1882, na ugonjwa ukamrudisha kwao 1883 akiwa karibu kufa. Hata hivyo, barua alizowaandikia watoto wa ndugu zake zilijaa vichekesho na michoro ya taabu zake za safari. Mwaka 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu. Julai 1885 akatoka Rabai kwa miguu, akakata Bonde letu hili la Ufa, akielekea Buganda. Hakujua jinsi Kabaka Mwanga alivyowaogopa wageni wanaotokea mashariki.

Tarehe 21 Oktoba, huko Busoga, watu wa chifu Luba walimkamata, wakamburuta na kumgongesha kwenye miti. Katika daftari lake aliandika kwamba ndani ya maumivu hayo alimwimbia Yesu, na akaicheka hali yake mwenyewe.

Si ati hakuumia. Siku zilizofuata aliandika wazi juu ya homa, wadudu na walinzi walevi. Tarehe 29 aliandika kwamba Zaburi ya 30 imemtegemeza. Halafu akamtaja fisi aliyelia karibu usiku, akinusa mgonjwa, akasema anatumaini fisi huyo hatampata bado. Mtu anamfanyia fisi mzaha siku ya kufa kwake! Siku hiyo aliuawa, akiwa na miaka 38, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Fungueni Zaburi hiyo nyumbani. Utaona kilio kina usiku wake, na furaha ina asubuhi yake. Vyote viwili vimo. Kwa hiyo usimkemee ndugu anayecheka kanisani kana kwamba ametenda dhambi. Wala usimlazimishe mama aliyefiwa atabasamu ndio tujue ana imani. Kaa naye usiku wake.

Kwa lugha ya biashara, furaha inayotegemea mapato hufilisika msimu ukiwa mbaya. Ya Hannington ilikuwa imeshalipiwa msalabani, ndiyo maana Busoga hawakuweza kuichukua. Wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya viazi imefika wapi, jiulize: je, najua kwamba nimesamehewa? Kama hujui, usiende nyumbani Jumapili kabla hatujaomba pamoja. Kama unajua, basi mpendwa, uambie na uso wako.

Mungu awabariki.