Friedrich Fröbel, Baba wa Chekechea

Katika parokia zetu nyingi, darasa la chekechea liko hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Wazazi huwaleta watoto asubuhi, na jioni hupima maendeleo yao kwa idadi ya herufi walizonakili. Sisi mapadre nasi tumo katika mazoea hayo: tukilitembelea darasa, jambo la kwanza huomba kuonyeshwa madaftari. Yafaa basi tumkumbuke mtu aliyezianzisha shule za namna hii, ambaye mezani pa watoto alitanguliza vipande vya mbao.

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, eneo la Thuringia, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, naye akakulia katika nyumba ambamo baba alielemewa na kazi na mama wa kambo hakumjali. Mjomba wake alimchukua alipofikia miaka kumi. Baadaye alijifunza utunzaji wa misitu, akasoma kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Jena, na humo akafungwa katika gereza la chuo kwa sababu ya deni. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akikusudia kuwa msanifu majengo, lakini akapewa darasa la kufundisha, na tangu hapo hakuuacha ualimu moyoni mwake.

Hata hivyo, kazi moja aliyoifanya Berlin baada ya vita dhidi ya Napoleon iliacha alama ya pekee. Aliajiriwa kupanga na kutunza mkusanyiko wa madini wa Profesa Weiss. Siku baada ya siku alishika mikononi fuwele, yaani mawe yenye nyuso bapa na pembe zilizo sawasawa, akaona jinsi maumbo mengi yanavyotokana na utaratibu mmoja. Kwake yeye, aliyeamini kwamba vitu vyote vina umoja wao katika Mungu, mawe yale yalikuwa fundisho. Mtu wa kawaida angeandika kitabu juu yake. Fröbel, ingawa vitabu pia aliandika, alichonga vitu vya kuchezea.

Mwaka 1837, huko Bad Blankenburg, alianza kutengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya tatu ilikuwa kisanduku chenye mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba midogo 8. Mwalimu alikipindua kisanduku mezani, akavuta kifuniko, kisha akakiinua taratibu, mtoto akaona umbo zima kabla ya kuona vipande. Ndipo kazi ikaanza: jenga kiti. Sasa kigeuze kiwe meza, bila kukibomoa chote na bila kubakiza kipande hata kimoja. Mtoto alilazimika kufikiri kabla ya kugusa, kujaribu, kutazama kilichoporomoka na kusogeza kipande kimoja mahali pengine. Zawadi ya nne ilikuwa na vitofali 8 vilivyo bapa. Kitofali kikisimamishwa wima huanguka kwa kuguswa kidogo, kikilazwa hutulia. Hapakuwa na haja ya mwalimu kusema neno.

Kwa watoto waliokomaa zaidi kulikuwa na vijiti vilivyochongoka na njegere zilizolowekwa majini. Vijiti vilichomekwa katika njegere, nazo zilipokauka zilivishika kama viungo vya paa la nyumba. Jambo hili twaweza kulijaribu wenyewe jioni moja nyumbani kwa njiti za meno. Umbo la mraba huyumba likisukumwa pembeni, la pembetatu halitikisiki.

Tarehe 28 Juni 1840 alizitangaza shule zake kwa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Kisha likaja pigo. Mwezi Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku, ikizishutumu kueneza ujamaa na ukanaji Mungu. Kwa sehemu ilimchanganya na mpwa wake Karl, aliyekuwa ameandika kijitabu juu ya malezi. Mzee huyu, ambaye kila kipande cha mbao kwake kilimnena Muumba, alikataliwa kwa jina la dini. Alijieleza, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, na juu ya kaburi lake huko Schweina kuliwekwa tufe, mcheduara na mchemraba wa jiwe. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Wakati huo bustani zake zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1899 hivi, katika chekechea moja ya Milton, Massachusetts, Marekani, watoto walipewa vijiti na njegere wajenge wapendavyo. Wenzake wakajenga nyumba za miraba kama walizoziona mitaani. Mvulana mmoja, Buckminster Fuller, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu mno, hakuziona vizuri hizo nyumba. Alipapasa kwa vidole, akasukuma, akavuta, hadi akapata umbo lisiloyumba, na kwa pembetatu akaunganisha jengo zima. Walimu waliitana kuja kulitazama. Mwaka 1961, akiwa mhandisi mashuhuri, alipewa hataza ya muundo uliofuata umbo lile lile.