Wakili Pritt na Nguvu ya Swali

Tumeombwa tuandike maisha ya watu mashuhuri wa zamani. Mimi nimemchagua wakili Mwingereza, Denis Nowell Pritt, na hapana budi nieleze sababu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mjomba wangu, utingo wa lori, alivunjika mguu kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, karibu na Mbeya. Mwenye lori alikataa kumlipa fidia, akadai kuwa mjomba alikuwa mdandiaji tu. Nilikwenda Mbeya kusikiliza kesi. Wakili wa mjomba hakupaza sauti. Alimwuliza mwenye lori ni nani aliyepakia magunia kule Iringa, ni nani aliyeyahesabu njiani, na ni nani aliyetazamiwa kuyashusha Mbeya. Kwa swali la tatu yule bwana akakwama, na mjomba akalipwa. Tangu siku hiyo nikawa msomaji wa habari za mawakili, ndipo nilipokutana na Pritt.

Pritt alizaliwa mwaka 1887. Alianza uwakili mwaka 1909, na mwaka 1927 akapata cheo cha Wakili wa Mfalme. Angeweza kustarehe na kesi za matajiri, lakini alipokea pia kesi za watu waliobanwa na serikali. Ho Chi Minh wa Vietnam alipokamatwa Hong Kong mwaka 1931, naye akitafutwa na Wafaransa, rufani yake ilifikishwa London na Pritt akawa wakili wake. Shauri likaisha kwa mapatano, na Ho hakutiwa mikononi mwa Wafaransa.

Afrika Mashariki ilimfahamu mwaka 1952, alipokuja kumtetea Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshitakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na Nairobi, na mawakili iliwabidi kulala Kitale na kusafiri kila siku. Pamoja na Pritt walikuwako Dudley Thompson wa Jamaika, aliyekuwa akifanya uwakili hapa Tanganyika, H. O. Davies wa Nijeria, na Chaman Lall wa India. Pritt alipowapelekea wabunge wa Uingereza simu ya maandishi kulalamikia hali ya kesi, alishitakiwa yeye mwenyewe kwa kudharau mahakama. Mahakama Kuu ikamwachia. Lakini Aprili 1953 wateja wake walihukumiwa miaka saba jela. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, aliapa kwa maandishi kwamba alikuwa amesema uongo.

Mwaka huo huo Pritt alifika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshitakiwa kwa kuwakashifu Mabwana Shauri wawili katika gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU. Pritt alimtetea akisaidiwa na mawakili wa Dar es Salaam, K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansi. Hapo pia alishindwa: Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Lakini Mabwana Shauri, ambao raia wa kawaida hakuthubutu kuwahoji, matendo yao yalikuwa yamejadiliwa hadharani mbele ya hakimu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ilishinda, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Mwaka 1933 Pritt aliongoza tume huko London iliyochunguza kuchomwa moto kwa Bunge la Ujerumani, akayatilia shaka maelezo ya serikali ya Hitler. Miaka mitatu baadaye alihudhuria Moscow kesi ya Zinoviev na Kamenev, waliokiri kila kitu na kupigwa risasi. Safari hii hakutia shaka. Aliandika kitabu akisema kesi ile ilikuwa ya haki. Chama cha Labour kilimfukuza mwaka 1940 kwa kutetea vita ya Urusi dhidi ya Finland. Alifariki mwaka 1972, na mwaka 1988 mahakama ya Urusi yenyewe ilitamka kwamba Zinoviev na Kamenev hawakuwa na hatia.

Jambo hilo limenisumbua sana. Mtu aliyejua kumhoji shahidi wa gavana alishindwa kuwahoji rafiki zake. Sasa mimi ni mtumishi wa serikali hapa Iringa, na mezani kwangu hupita mafaili ya watu wanaodai haki zao. Siku hizi mimi ndiye ninayekaa upande wa ofisi, na ni rahisi kuliamini faili kuliko mtu aliyesimama mbele yangu na magongo. Kila mara hujikumbusha kuiuliza ofisi yangu maswali yale yale ninayomwuliza mdai.

Wadogo zetu, katika midahalo yenu jifunzeni kuuliza kama Pritt alivyouliza Kapenguria. Kisha, kabla hamjaketi, geukeni muulize na upande wenu.