Maurice Wilks, baba wa Landrova

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, na kwa jamaa zao walioko Oman, Landrova ndiyo iliyokuwa gari la kwanza kufika pasipo na barabara. Siku moja alishuka humo daktari, siku nyingine bwana shamba, na siku nyingine askari mwenye bunduki. Aliyelibuni gari hilo, mhandisi Mwingereza Maurice Wilks, hakulikusudia lidumu zaidi ya miaka michache.

Wilks alizaliwa mwaka 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Alipokuwa kijana alifanya kazi Marekani katika kampuni ya General Motors, akarejea nyumbani, na mwaka 1930 akajiunga na kampuni ya Rover, ambako kaka yake, Spencer, alikuwa miongoni mwa viongozi. Rover wakati huo ilitengeneza magari ya watu wa tabaka la kati, si ya mashamba wala ya jangwa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege iliyobuniwa na Frank Whittle. Uhusiano wa Whittle na Rover haukuwa mwema, na mwaka 1943 kazi hiyo ikahamishiwa Rolls-Royce. Wilks, hata hivyo, hakuyasahau aliyojifunza. Mwaka 1950 Rover ilionyesha JET1, gari la wazi lililoendeshwa kwa injini ya aina hiyo, la kwanza duniani. Miaka miwili baadaye lilikimbia kwa zaidi ya kilomita 240 kwa saa nchini Ubelgiji.

Mchoro wa mchangani

Lakini si mwendo wa kasi uliompa Wilks jina. Baada ya vita alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alilitumikia kwa Jeep kuukuu iliyoachwa na jeshi. Kaka yake alipotaka kujua atafanya nini itakapokufa, alikiri kwamba angelazimika kununua nyingine, kwa kuwa Uingereza haikuwa na gari la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, wakiwa ufukweni, Maurice alichora umbo la gari jipya mchangani.

Mafundi wa majahazi wa Sur, katika eneo la Sharqiyah, wangeuelewa mwanzo huo. Wao pia waliunda vyombo vya kuvuka bahari hadi Lamu na Zanzibar bila ya mchoro wa karatasi.

Uhaba ndio uliolipa gari sura yake. Chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, ambayo haili kutu upesi hata penye hewa ya chumvi. Rangi ya kijani ilitokana na akiba iliyobaki jeshini. Gari la kwanza la majaribio liliwekwa usukani katikati, mithili ya trekta. Tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ikaonyeshwa Amsterdam, na muda si muda mauzo yake yakayapita ya magari mengine yote ya Rover.

Vita vya Nizwa

Gari la mkulima halikuchelewa kuvikwa sare. Desemba 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur, yakisaidiwa na Waingereza, yaliingia Nizwa, makao ya Maimamu wa Oman. Baadaye Sultani mwenyewe aliwasili kwa msafara wa magari akitokea Salalah, ng'ambo ya jangwa. Mwaka 1957 wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali waliinuka tena, kisha wakajihifadhi Jebel Akhdar.

Kuanzia hapo njia za Dakhiliyah zikajaa mabomu ya ardhini, na magari mengi ya jeshi, Landrova zikiwamo, yakaharibiwa. Na mlima wenyewe haukupandika kwa magurudumu. Januari 1959 wanajeshi wa Uingereza waliupanda usiku kwa miguu, na mizigo ikabebwa na punda, baadhi yao wakiwa wameletwa kutoka Somalia.

Maurice Wilks alifariki dunia tarehe 8 Septemba 1963 huko Anglesey, akiwa na umri wa miaka 59 na mwenyekiti wa Rover. Miezi minne baadaye yalizuka mapinduzi ya Zanzibar, na maelfu ya watu wenye asili ya Oman wakatawanyika. Wengi walipata njia ya kurudi baada tu ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Walikuta nchi yenye takriban kilomita 10 za lami. Katika njia za vumbi za kwenda Ibra, waliisikia tena ngurumo waliyoizoea Afrika.

Leo barabara kuu zinafika Nizwa, Ibra na Sur, na kwenye mchanga magari ya Kijapani ndiyo yanayotawala, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Landrova ya mwisho ya ukoo ule wa 1948 ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya milioni 2 kutengenezwa. Gari lililobuniwa kuziba pengo la miaka michache lilikuwa limedumu miaka 68.