Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka: Mchungaji Aliyelionya Kasri

Tarehe 29 Oktoba 1939, katika Basilika la Mtakatifu Petro mjini Roma, Baba Mtakatifu Pius XII aliwaweka wakfu maaskofu 12 wa nchi za misioni. Mmoja wao alikuwa Joseph Kiwanuka, mzaliwa wa Nakirebe nchini Uganda, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupewa uaskofu katika Kanisa la Kilatini. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alipadrishwa mwaka 1929, akasomea Sheria za Kanisa huko Roma hadi udaktari, kisha akajiunga na Shirika la Wamisionari wa Afrika.

Alikabidhiwa Masaka, na wamisionari wa Kizungu wakawaachia mapadre wazalendo kazi yote. Wapo waliotilia shaka jambo hilo, wala hawakuwa wachache. Kiwanuka hakubishana nao. Alipeleka mapadre wake ng'ambo kusoma, akaunda halmashauri za parokia ambazo walei walichagua wajumbe wake wenyewe, akawashirikisha wazazi katika uongozi wa shule. Hayo aliyafanya kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao naye alikuja kuwa mmoja wa mababa wake.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba ujasiri wake ulipimwa zaidi mwaka 1961, akiwa Askofu Mkuu wa Rubaga. Uganda ilikuwa inakaribia uhuru, na katika Buganda kilizuka chama cha Kabaka Yekka, kilichotafuta kura kwa jina la mfalme. Kiwanuka, Mganda halisi aliyeuheshimu ufalme wa mababu zake, alitoa waraka wa kichungaji juu ya Kanisa na Serikali. Alieleza kwamba mfalme hukaa juu ya vyama vyote. Anayemwingiza katika mashindano ya siasa ndiye anayekihatarisha kiti chake.

Mengo ilighadhibika. Wengine walidai kwamba anakipigia debe Chama cha Demokrasia, kilichoongozwa na Mkatoliki, Benedicto Kiwanuka (majina tu yamefanana). Shutuma hiyo haikuwa ya ajabu, maana Wakatoliki wengi walikuwa katika chama hicho. Lakini hoja ya waraka ilisimama yenyewe. Serikali ya Kabaka ilitaka kumkamata. Kwa kuwa alikuwa safarini Ulaya, padre wake mmoja ndiye aliyekamatwa.

Mwaka 1964 alishuhudia Roma Mashahidi wa Uganda wakitangazwa watakatifu. Alifariki dunia tarehe 22 Februari 1966, akazikwa Rubaga, kilima kinachopakana na Mengo. Miezi mitatu baadaye majeshi ya Serikali Kuu yaliishambulia kasri. Kabaka Mutesa II alitoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969.