William Herschel: mpiga muziki aliyejitengenezea darubini

Shaba na bati, watu wa Katanga na Tanganyika wanavijua vizuri. Shaba inatoka Kolwezi na Likasi, bati inatoka Manono. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, mpiga muziki mmoja aliyeyusha madini hayo mawili pamoja nyumbani kwake Uingereza, akapata chuma cheupe kinachong'aa, akafanya vioo vya kuangalia nyota. Jina lake William Herschel.

Alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Baba yake alipiga muziki jeshini, na yeye akaingia bendi hiyo hiyo akiwa kijana. Mwaka 1757, wakati wa vita, alikimbilia Uingereza. Akafundisha muziki, akapiga kinanda kanisani katika mji wa Bath. Mwaka 1772 akamleta dada yake Caroline, ambaye kwao alikuwa anatumikishwa kazi za nyumbani tu.

Herschel alipenda nyota, lakini darubini kubwa ilikuwa bei kali. Basi mwaka 1773 alinunua vyombo vilivyokwisha kutumika kwa jirani, akaanza kusugua vioo mwenyewe. Siku moja alisugua masaa 16 bila kuondoa mikono, juu akisimama tu, umbo la kioo linaharibika. Caroline alimlisha tonge kwa tonge.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 16 hivi, aliona kitu kisichofanana na nyota. Kwanza alifikiri ni nyota ya mkia. Kumbe ilikuwa sayari, ile tunayoita leo Uranus, na tangu zamani za kale hakuna aliyekuwa amevumbua sayari mpya. Mwaka uliofuata mfalme George wa Tatu akampangia pauni 200 kila mwaka. Akaacha kufundisha.

Lakini kazi ilikuwa na hatari. Agosti 1781 alitaka kumimina kioo kikubwa zaidi. Kalibu lilifanywa kwa udongo na mavi ya farasi. Chuma cha moto kikavuja na kumwagika chini, mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka juu. Watu wote wakatoka mbio. Hakukata tamaa.

Mwaka 1789, kule Slough, alimaliza darubini ya urefu wa mita 12, kioo chake mita 1.2. Watu walikuja kuishangaa. Ila ilikuwa nzito kuigeuza, na unyevu ulikifanya kioo kififie mara kwa mara, paka kukisugua tena. Kazi yake nyingi aliifanya na ile ya nusu urefu. Aliiboresha kwa kuondoa kioo kidogo cha ndani kilichokula mwanga. Kwa miaka 20 aliandika orodha ya mawingu na makundi ya nyota karibu 2,500, Caroline akiwa mezani na kalamu.

Caroline naye alivumbua nyota za mkia 8, na kuanzia 1787 alilipwa pauni 50 kwa mwaka. Herschel alikufa tarehe 25 Agosti 1822. Dada yake alirudi Hanover, akaishi hadi 1848, akiwa na miaka 97.

Kabalo, umeme ukikosekana, nyota zinajaa juu ya Lualaba. Ni anga ambayo Herschel, katika ukungu wa Slough, aliingojea usiku mwingi.