Tippu Tip

Tippu Tip (jina halisi: Hamed bin Muhammed el-Murjebi; Zanzibar, mnamo 1837 - Zanzibar, Juni 1905) alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Hujulikana zaidi kwa safari zake za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini biashara yake ilikuwa ya ukoo, na nyumba ya ukoo huo huku bara ilikuwa Tabora.

Familia

Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru karibu na Tabora. Alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, ndoa iliyompa nafasi ambayo wageni wengi hawakuipata. Mama yake Hamed alikuwa wa ukoo wa el-Wardi. Kwa upande huo alikuwa na kaka, Muhammed bin Masud, aliyeitwa Kumbakumba.

Hamed alianza na biashara ndogo ya sandarusi. Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi alifuatana na baba yake bara. Huko baba alimkabidhi mtu mwingine mali ya safari, na kijana akakataa kwenda chini ya amri ya mtu huyo. Mwishowe baba alimpa yeye usimamizi.

Biashara

Msafara ulikuwa deni kabla ya kuwa faida. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilichukuliwa kwa mkopo Zanzibar kutoka kwa matajiri wenye asili ya Uhindi, hasa Taria Topan, na kulipwa kwa pembe baada ya miaka. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kutoka Bagamoyo hadi Tabora, ambako njia ziligawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini mwa ziwa. Mwenye mali hakuweza kuwa kila mahali, kwa hiyo alihitaji ndugu: Kumbakumba njiani, mwanawe Sefu huko Kasongo, baba yake Tabora.

Pembe nyingi hazikununuliwa. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa na kuteka hazina yake ya pembe; ushindi huo ndio uliomfungulia mikopo mikubwa. Vijiji vilichomwa, na watu waliotekwa walifanywa watumwa.

Safari yake ndefu kuliko zote ilichukua takriban miaka 12. Aliporudi mnamo 1882, njia ya Tabora ilikuwa mikononi mwa Mirambo, aliyekuwa amepigana na Waarabu wa huko tangu 1871. Tippu Tip alichagua kupatana naye. Pembe zilikuwa nyingi mno kuhatarishwa vitani.

Mwisho

Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akarudi Zanzibar miaka michache baadaye. Sefu alibaki Kongo, akafa mwaka 1893 katika vita dhidi ya majeshi ya Leopold, na mali ya ukoo huko ikapotea. Mshirika wake wa zamani, Rumaliza, alimdai mahakamani.

Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na kitabu hicho huhesabiwa kati ya tawasifu za kwanza za lugha hii.